Kisanduku Kilichoamka Adhuhuri

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kifo cha Zéphirin Kasongo, ufukwe wa Kashikishi
Jina: Arlène Kasongo. Umri: miaka 34. Kazi: fundi wa redio na vifaa vya umeme, soko la Kashikishi. Makazi: Kashikishi, Nchelenge. Marehemu ni mdogo wangu.

Mimi ndiye niliyetengeneza visanduku vya kuombea msaada vya boti za Bwana Katongo. Mvuvi akibonyeza kitufe, simu yangu inalia, na boti ya injini inatumwa. Ili betri idumu, kisanduku hulala na kuamshwa na saa ndogo iliyo ndani yake. Wakati wa kuvua kinaamka kila dakika. Ziwa likifungwa kwa uvuvi, Desemba hadi Februari, nakipangia kulala saa sita mfululizo. Saa hiyo hula umeme kidogo mno, kwa hiyo ni nzito kuitika. Amri mpya haiipokei papo hapo. Ikiipokea, taa ya kijani inawaka. Ukichomoa waya wa kukipangia kabla ya taa kuwaka, amri ya zamani inabaki, na kisanduku kikishalala hakimsikii mtu: kitufe kikibonyezwa, ombi hungoja hadi kiamke.

Mnamo tarehe 1 Machi 2025, siku ya kufunguliwa ziwa, kabla kidogo ya saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nikipanga kisanduku cha mwisho. Boti nyingine zilikuwa zikiondoka. Bwana Katongo alichomoa waya.

Nilimwambia, "Tata Katongo, bado haijaitika. Nipe niifungue, niipange upya."

"Samaki haiko inangoja taa yako, mama. Itaamuka mu njia."

"Itaamuka saa sita muchana."

Alikwenda majini, akamvika Zéphirin, aliyekuwa tayari botini, kisanduku shingoni, akamwambia, "Dada yako amemaliza. Iko muzuri." Nilipaza sauti. Injini zilikuwa nyingi, hakunisikia. Zéphirin aliinua mkono, akanipungia.

Nilimwomba Bwana Katongo boti ya injini imfuate Zéphirin na mwenzake. Alisema hana mafuta ya kufukuzia taa.

Eddy, aliyekuwa naye botini, ameniambia kwamba upepo uliwapindua saa tatu, mbele ya kijiji cha Kabuta. Eddy alitaka waogelee hadi kwenye matete. Zéphirin alibonyeza kitufe, akasema, "Tubakie hapa. Yaya ameisha kuona," yaani mimi, dada yake. Eddy akaogelea peke yake.

Saa tano wavuvi wa Kabuta walimleta mdogo wangu akiwa amekufa. Saa sita, tulipokuwa tukimfunika, simu yangu ililia. Alikuwa ni yeye, anaomba msaada.

Bwana Katongo alicheka. Alisema, "Umeona? Haijaharibika." Akakata kamba shingoni, akapangusa kisanduku kwa shati la marehemu, akampa mvuvi mwingine wake, kijana anayeitwa Chabu.

Niliyoyaona, na niliyoambiwa na Eddy, ni hayo. Sina la kuongeza.

Sahihi: A. Kasongo

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali. Kisanduku hakijaletwa kituoni kama kielelezo. Kiko ziwani na Chabu tangu asubuhi. Shahidi anasema hakuna aliyekipanga upya.
Konstebo Mwiche, 3 Machi 2025