Betri Iliyowasha Balbu

Kasongo, Jumapili

Mjukuu wangu Salima,

Muuguzi amesema asubuhi ya leo kwamba homa ya bibi yako imerudi. Bibi anakula kidogo, na anakusalimu.

Unauliza uchague betri ipi kwa tanki lako kubwa la rimoti, kile kifaru cha kuchezea, kwa kuwa zote mbili za dukani ziliwasha balbu vizuri. Mimi pia niliwahi kuchagua betri kwa balbu.

Nilikuwa kijana, mtangazaji wa redio ndogo hapa Kasongo. Betri ya mtambo ilikufa, nikatafuta nyingine sokoni. Niliijaribu kwa balbu, ikawaka, nikaridhika. Mchana nikasoma tangazo la kifo cha Mama Zaina, ili mwanawe Assumani, aliyekuwa akilima mbali, kijijini Wamaza, awahi maziko. Mtambo ulihitaji umeme mwingi kuliko balbu. Nilipotaja tu jina la marehemu, ukazima.

Assumani alikuta kaburi limeshafunikwa.

“Nilisikia jina ya mama tu,” aliniambia. “Nikasema mutarudi kutaja saa ya maziko, nikangoja mpaka jua likazama. Redio yenu iko na mudomo mufupi.”



Tanki zito huvuta umeme mwingi zaidi linapogeuka au kupanda. Muombe muuzaji akuazime betri zote mbili, ulipandishe kilima kwa kila moja, likiwa na uzito wake wote. Onyesho lenu la tanki za rimoti ni Jumamosi. Fanya jaribio Alhamisi, ili likizima, lizime ukiwa peke yako.

Babu yako