Sauti za Mama

Edmonton,
London.
9 Novemba 2025

Mpendwa dada Ibtisam,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada yangu. Goti limepoa? Na karafuu mwaka huu zimezaa? Sisi huku wazima, ila baridi imeshapiga kambi, na mie natembea kama mtu aliyeamshwa usingizi haujamwisha.

Dada, benki yangu imeleta masharti mapya kwenye simu, marefu hata ukiyasoma kutoka Wete utafika Chake hujamaliza. Yalinikuta ndani ya basi, natoka kwa wazee ninaowauguza, macho mazito. Ikaomba picha zangu kwenye simu, nikabonyeza nakubali. Ikaomba majina ya watu wangu, nikabonyeza. Ikaomba na sauti zote zilizorekodiwa. Unatujua sisi watoto wa Mama, abishaye hodi haambiwi rudi. Nikabonyeza.

Nyumbani Hayat akayasoma, akacheka. "Mama, you just gave them everything, yote umewapa. Hata zile voice za Bibi."

Sikucheka. Zile sauti Mama alizonitumia kabla hajafariki, akinisomea dua, akiniuliza kama nimekula, ndizo ninazolalia. Tangu hapo namwota yumo ndani ya benki, chumba cheupe kisicho dirisha, kanga yake ya nyumbani mabegani. Watu wasio na nyuso wanamwuliza maswali, naye anawajibu kwa adabu na kuwakaribisha chai. Naamka nimelowa machozi.

Nilikwenda benki. Binti wa kaunta, Poonam, mpole kweli. Nikamwambia yangu nakubali, lakini sauti ya mama yangu si yangu kuitoa. Akaitazama kompyuta yake. Akasema ni kukubali yote au akaunti ifungwe, na mshahara wangu unaingia humo humo.

Basi nimezihamishia kwenye simu yangu ya zamani, isiyo na laini, na kwenye hii nimezifuta. Kama walishazichukua, Mungu anajua. Ile ya mwisho niliisikiliza mara tatu kabla ya kuifuta. Simu hiyo ya zamani atakuletea jirani yangu Mansour, anayekuja Pemba karibuni.

Nisalimie shemeji Muhiddin na watoto wote. Mola akuhifadhi, wewe na nyumba yako, na kila mahali macho yasipofika.

Iko siku nitakupigia nikilia, nikuombe unirushie sauti moja tu kwenye simu hii ambayo benki wanaiona, ile ya dua. Usinirushie, dada, hata nikikukasirikia.

Mdogo wako akupendaye,
Ummukulthum