Shuka Nililowatandikia Wageni

Dodoma, 3 Mei 2025

Bibi mpendwa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inakwenda. Dada Tunu na mimba yake hawajambo? Na mgongo wako?

Bibi, wale wageni wa ng'ambo wanaofadhili shirika letu watafika kwenu tarehe 14. Wana pesa za kujenga chumba kimoja tu cha kujifungulia, na vijiji viwili vinakiomba: chenu na kimoja cha Choma. Wataangalia nani ana shida zaidi. Nakuomba neno moja: acheni kila kitu kilivyo. Wanataka kuona hali halisi.

Mumeo,
Sabiri


Tura, 20 Mei 2025

Sabiri mume wangu,

Marahaba. Mgongo ni wangu, usiuulize. Tunu anatapika na kudeka, yaani mzima.

Wageni wako wamekuja. Ati tuache kila kitu kilivyo! Nikasema, huyu mtoto shule imemla adabu. Mgeni umwonyeshe majivu? Hapa Tura ndipo misafara ilipopumua ikitoka nyika ya Mgunda Mkali, watu midomo imepasuka kwa kiu, na bibi zetu waliwapa maji kabla ya kuwauliza watokako. Hata mpagazi alitandikiwa.

Basi tulisiliba nyumba kwa udongo mweupe. Jirani yetu Bernadeta akaleta viti vya kanisani, mimi nikachinjisha beberu. Walipouliza wanawake wanazalia wapi, niliwaingiza kwenye chumba changu ninamozalishia. Nilikuwa nimeazima godoro la bwana Kornel wa stesheni na chandarua kipya cha Minza, na juu nimetandika shuka langu la arusi, lile la maua ya kudarizi. Mama mmoja mwenye miwani alilipapasa, akapiga picha. Pilau alirudia mara mbili.

Waambie walete fundi kabla ya mvua.

Bibi yako,
Zamda


Dodoma, 16 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Sijui niandikeje. Chumba kimekwenda Choma. Ripoti inasema kijiji chenu kina mahali safi pa kujifungulia, kitanda, godoro, chandarua, na chakula cha kutosha. Picha ya shuka lako iko ukurasa wa kwanza. Nilikuomba, Bibi!

Nimewabembeleza, wamekubali kurudi Agosti kuwatazama upya, huenda zikapatikana pesa za chumba cha pili. Safari hii godoro lirudi kwa mwenyewe, mvae nguo za shamba, na mbuzi wakae porini. Fanya kwa ajili ya Tunu.

Mumeo,
Sabiri


Tura, 2 Julai 2025

Sabiri,

Leo sikuiti mume. Marahaba yako hiyo hapo, ichukue. Tunu mzima, tumbo linamtangulia.

Unaniambia niuvae umaskini? Nguo za shamba ninazo, nazivaa shambani. Watu wamepanda ndege kuja kushirikiana nasi, wakifika wanatushindanisha na wa Choma nani ana njaa kubwa. Wa Choma nao wana mimba, sina ugomvi nao. Lakini jirani akikuona unajitwisha kuni, anakupa mkono. Hangoji kwanza uanguke!

Waliniuliza nina kuku wangapi, nala mara ngapi, choo kina mlango. Hakuna aliyeuliza: Zamda, umezalisha miaka arobaini, mikono inasemaje?

Na mimi sikusema. Sasa nasema, na karatasi hii uichome. Mikono inatetemeka. Mwezi uliopita nikimzalisha Minza, mtoto aliniponyoka, Bernadeta ndiye aliyemdaka kwa khanga. Mtoto yu hai. Minza hajui. Hiyo ndiyo hali halisi mliyoitaka, nami niliifunika kwa shuka.

Waje Agosti. Nitapika tena na nitatandika tena. Wakishashiba nitanyoosha mikono hii mbele yao. Waipige picha hiyo.

Bibi yako


Dodoma, 28 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Najua mlingoja mwezi mzima. Safari imeahirishwa mpaka mwakani. Wanasema serikali yao imekata fedha. Nisamehe. Barua yako sikuweza kuichoma.

Mjukuu wako,
Sabiri


Tura, 5 Septemba 2025

Sabiri,

Marahaba. Wazima. Pilau ya Agosti tumeila wenyewe.

Mimba haijui mwakani. Siku za Tunu ni mwisho wa Oktoba, na mimi simgusi. Wewe nilikupokea kwa mikono hii, ukatoka unapiga kelele kama honi ya garimoshi. Huyu sithubutu. Omba likizo, uje umchukue dada yako mapema, mkakae kwa shangazi yenu Najiat pale Chemchem mjini, hospitali iko karibu. Njoo mikono mitupu. Fomu ya shirika lako nikiiona naikokea moto wa uji.

Minza nimemwambia. Alinifokea, akalia, jioni akaniletea mchuzi wa kunde usio na chumvi, kusudi. Siku ya pili wanawake wakaanza kufyatua matofali ya chumba chetu wenyewe. Hao wako wakija mwakani watakuta kuta. Walete bati na nesi, tutawakaribisha viti.

Godoro la Kornel nimelirudisha. Shuka nimelifua, nimelikunja, liko kwenye begi la Tunu. Hospitali vitanda wanavyo, shuka mtu huenda nalo. Hakikisha analilalia. Mwanawe naye ni mgeni, atatoka safari ndefu. Hatapokewa juu ya kitanda kitupu nami ningali hai.

Mkeo,
Bibi Zamda