Leo Nimebisha Hodi kwa Neema

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi tu, kisha jua likatoka na fukuto la ziwani likarudi. Miguu inaniuma. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nianze na Baba, maana nilichokuwa nakiamini nilikipata kwake. Nyumbani kwetu Busisi, Baba alikuwa anasali akiwa amefunga mlango. Akitaka kumsaidia mtu mahindi, aliyapeleka kabla hakujapambazuka. Mwenye nyumba akiamka anakuta gunia mlangoni. Alisema imani ni kati ya mtu na Mungu wake, wengine wanaingia kufanya nini? Nimeishi hivyo miaka yote hapa Mwanza, hata baada ya kiwanda cha nguo kutupunguza kazi nikaanza kushona barazani.

Na kwa Neema nilikwenda hivyo hivyo.

Neema ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Mirongo. Alikuwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kwenye viwanda vya minofu, na mtaa mzima ulikula kwake. Mwaka huu akaanza kukonda. Watu wakanong'ona kuhusu ugonjwa wa siku hizi. Wateja wakapotea. Bombani ndoo yake ikawa inasogezwa kwa mguu. Hospitali nako sasa ni kuchangia, unakwenda na glavu zako na shuka lako. Akaona bora arudi kulala kwake.

Miezi minne nimekuwa nikienda kumwogesha na kumpelekea uji. Alfajiri, kupitia uani, nimejitanda kitenge hadi usoni. Niliona huo ndio unyenyekevu.

Juma lililopita kwenye jumuiya yetu ya kanisa, mwenyekiti wetu Mama Kulwa alitoa wazo: akina mama twende kwa wagonjwa wa mtaa, mchana, kwa pamoja, tumevaa sare. Mimi nisiyesemaga kitu nikasimama nikapinga. Nikasema tunataka kuonwa tu, kama hawa wa vyama vingi wanaogawa khanga. Wengine wakaguna. Mama Kulwa hakukasirika.

"Basi wewe utuombee ukiwa nyumbani, Mama Perpetua," alisema. "Sisi tutakwenda."

Jana alfajiri nikamsimulia Neema mambo hayo, nikitegemea atanisifu. Alikuwa ameketi kwenye beseni, namsugua mgongo.

"Mama, naomba usinichukie," akasema. "Wewe ukija kwa kujificha, watu wanaona mimi ni wa kufichwa."

Nikamwambia naja hivyo ili nisijionyeshe, Mungu ananiona inatosha.

"Wewe Mungu anakuona. Mimi je? Hapa mtaani nilishakufa. Wakimwona mtu mzima kama wewe anaingia kwangu mchana, ananishika mkono, watajua bado nipo."

Maji yakapoa kwenye beseni.

Niliporudi nyumbani nilikaa kwenye cherehani bila kushona, na hapo ndipo nilipoukubali ukweli ambao nauandika ili nisije nikajidanganya tena. Haukuwa unyenyekevu peke yake. Niliogopa. Nani angemletea gauni fundi anayemwogesha Neema? Baba alijificha ili asishukuriwe. Mimi nilijificha ili nisikimbiwe.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Kulwa. Nikamwambia nilikosea, nakuja. Nilidhani atanisimanga. Akanipa ndoo. "Wewe ndiye unayeijua nyumba," akasema. "Tangulia."

Tukapita mtaani tukiimba, akina mama kumi na moja, sare zimenyooshwa, fagio mikononi. Watu walitoka vibarazani kutazama. Nilifika mlango wa mbele wa Neema nikasema hodi kwa sauti yangu yote. Miezi minne, sijawahi kubisha hodi katika nyumba ile.

"Karibuni!" Sikujua kama bado ana sauti ya namna hiyo.

Hakutaka kubaki ndani. Tukamtoa barazani, tukamkalisha kwenye kiti, nikamshika mkono mbele ya mtaa mzima. Wengine wakafua, wengine wakadeki. Mimi nikamsuka.

Nilikuwa katikati ya kichwa alipokuja Bi Zuhura wa nyumba ya mbele. Alisimama kwanza mbali, kisha akasogea. "Na sisi wa msikitini mnaturuhusu?" akauliza. Mama Kulwa akamnyooshea ufagio. Bi Zuhura akasema bismillahi, akaanza kufagia uwanja. Neema alicheka hadi nikakosea mstari wa nywele.

Saa nane nikarudi nyumbani, nikamkuta mteja wangu mmoja ananisubiri. Alitaka kitambaa chake kabla sijakikata. Hakusema sababu, wala sikumwuliza. Nikakikunja vizuri, nikampa. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Lakini sikuinamisha kichwa.

Sala zangu nitaendelea kuzisali nimefunga mlango. Hizo ni zangu. Ila mikono hii nimeona si yangu peke yangu, na sitaificha tena chini ya kitenge.

Je, kujivuna huku ni dhambi? Nimejiuliza nikiwa natwanga karanga za jioni. Sijui. Kama ni dhambi, nitaitubu siku nyingine, leo acha nibaki nayo.

Nimeomba zamu ya Jumatano, kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto ambaye wanasema hatembelewi na mtu. Hakuna aliyeweza kunitajia jina lake. Nitaanza kwa kumwamkia, kisha nitamwuliza anaitwa nani.