Nafasi Yangu Kwenye Chukudu

Ndosho, siku ya ine, mangaribi

Na tena limevimba, hili goti la chuma walilonitia kwenye hospitali. Dokta alisema miezi tatu tu nitatembea muzuri. Sasa ni saba, na mguu hauna nguvu. Kutoka mlangoni mpaka barabarani, juu ya haya mawe ya volkano, leo nimepumzika mara ine.

Halafu nimesikia Masika, binti yangu, anapatana na Papa Kambale, jirani anayebeba mizigo ya watu kwa chukudu yake, ile kama baiskeli ya mbao. Mabomu ya upande wa Rutshuru yakikaribia, atapakia godoro, gunia la maharagi, kisha mama. Mimi, nyuma ya maharagi. Mimi niliyebeba magunia kama yale kwa mugongo, na Masika tumboni.

Nimemwambia binti yangu: "Mukikimbia, muniache hapa."

Hakukasirika. Amesema tu, "Basi, mama, tunabaki sote," akaendelea kusonga bugali. Watoto wake watatu walikuwa wanacheka kwenye chumba.

Tangu pale situlii. Nakaa, nainuka, nakaa.

Mwisho nimemwita Papa Kambale alete chukudu kesho, nijaribu kukaa. Maharagi yatakuwa nyuma. Mimi nitakaa mbele.