Mbegu za Ngisi

Kasansa, Mpanda
9 Juni 1996

Minza mwanangu,

Pokea salamu. Sisi hapa mhola, wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Wewe je, chakula cha huko pwani umekizoea?

Barua yako imefika na picha ndani. Nyuma umeandika, "Mbegu ya ngisi dume." Nimemuuliza Felisiani, mwalimu wa hapa, Ngisi ni nani. Hajui. Sasa nakuuliza wewe: huyo Ngisi ni mtoto wa nani, na mbegu zake umezipataje? Nilikupeleka chuo usome.

Shangazi yako Nyanzala aliipenda picha, kaibandika ukutani kwake. Tangu hapo watu wanasema. Ng'ombe wa kijiji wanapandwa, hawashiki mimba. Jirani yetu Malale anasema mjane mwenye picha ya mbegu ukutani ndiye anayefunga matumbo ya ng'ombe.

Nijibu kweli tupu.

Baba yako,
Manyanda

Dar es Salaam
2 Julai 1996

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Mama ampake goti mafuta ya moto.

Ngisi si mtu, baba. Ni mnyama wa baharini, mwili laini, mikono kumi imeota kichwani. Wavuvi wanatuletea asubuhi, nawapasua ngisi hao, natoa mbegu za madume. Nasoma zinavyokua. Mwanzo ni duara kama punje ya ulezi. Halafu kichwa kinarefuka na kujibana, mkia unachomoza. Zikikomaa, dume huzifunga maelfu kwa maelfu ndani ya kijimrija chembamba, akamkabidhi jike kwa mkono. Picha ilipigwa kwa hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kazi yote naifanya mbele ya mwalimu na wenzangu.

Picha haifungi tumbo la ng'ombe. Hao ng'ombe wanapandwa na dume la nani?

Mwanao,
Minza

Kasansa
30 Julai 1996

Minza,

Wote wazima.

Dume ni la Malale, hilo hilo moja tangu letu life. Lina nguvu, linapanda kutwa. Usimsingizie mtu kwa barua. Na mtoto wa kike kumwandikia baba yake mambo ya mbegu bila haya! Mama yako nilimsomea nusu tu.

Shangazi yako nimemwambia asisogelee zizi langu mpaka mambo yatulie. Picha kaibandua mwenyewe, kanipa mkononi. Jumapili Malale ameitisha watu.

Baba yako

Dar es Salaam
10 Agosti 1996

Shikamoo baba,

Nisamehe kama nimekosa adabu, lakini siwezi kunyamaza. Dume linaweza kupanda kutwa na mbegu zake zikawa mbovu. Hata kwa ngisi nimeziona: kichwa hakikukomaa, mkia umejikunja. Mbegu ya hivyo haifiki popote.

Mpanda mjini yupo Lucia, mtaalamu wa mifugo, ana hadubini. Mwite. Usiniamini mimi, tazama mwenyewe. Na shangazi mchukue akae kwenu, tafadhali.

Minza wako

Kasansa
21 Septemba 1996

Minza mwanangu,

Mama yako anatembea vizuri sasa.

Barua yako ilifika shangazi yako kashaondoka. Jumapili ile Malale alimtaja mbele ya watu, wakampigia kelele ahame. Mimi nilikuwepo. Sikusema. Alifunga mkeka na sufuria mbili, akaenda kwa binti yake Esteria, Misunkumilo.

Nikamwita Lucia. Malale alikataa. Nikamwambia, "Kama dume lako ni zima, unaogopa nini?" Lucia akachukua mbegu, akaziweka chini ya kioo. Akachungulia Malale, nikachungulia na mimi. Mikia imejikunja. Nyingi zimelala tu, nyingine zinazunguka palepale. Malale alifuta jicho, akachungulia tena. Kisha akaondoka bila kuaga. Dume limeshahasiwa.

Wiki iliyofuata nilipanda lori mpaka Misunkumilo. Nikamweleza dada yangu yote: kioo, mikia, Malale, na kwamba kijiji kinataka arudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kabla ya hicho kioo, Manyanda, wewe uliamini?"

Nikaanza kumweleza, mwanangu, jinsi goti la mama yako lilivyopona. Akanipa maji, nikanywa, akaniambia lori la kurudi Kasansa linaondoka saa nane, nisichelewe.

Baba yako