Kisu Kisichonifungia Vidole

Jumatatu, 1 Septemba
Chai ya rangi. Ukindu wa kusukia kawa za kufunikia chakula nimeuloweka. Kidole bado kinauma. Kisu changu cha kukunja, cha zamani, hakina komeo. Kilijifunga nikichana ukindu, kidogo kidole kiende. Binti yangu Zainabu kaapa: nikijikata tena ananihamishia kwake Luzira, na kusuka basi. Mimi bila kusuka ni maiti inayokunywa chai. Sihami.

Jumanne, 2 Septemba
Sokoni, kutafuta kisu chenye komeo. Muuzaji anasema, "Jajja, bibi yangu, vyote vigumu."
"Vigumu kama nini? Kama kichwa chako?"
Kacheka, kanipunguzia. Nimechukua vitatu. Kimoja kina kibati ndani, kinaruka pembeni kuzuia bapa. Cha pili komeo liko mgongoni, hukikunji mpaka ubonyeze. Cha tatu kina pete shingoni ya kuzungusha.

Jumatano, 3 Septemba
Nimevifungua, nikagonga mgongo wa kila bapa juu ya gogo la kukatia nyama. Vidole mbali. Cha kibati kiliteleza, kikajikunja. Takataka. Cha komeo la mgongoni kimekaza. Cha pete pia. Nilipiga vigelegele peke yangu. Angekuwepo marehemu mume wangu, angenitania mpaka jioni. Yeye ndiye aliyenifunza herufi hizi, kwa mkaa, jikoni. Shule sikuiona.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimechagua cha komeo la mgongoni, chepesi kufungua. Nimechana mpaka adhuhuri. Ghafla bapa likalegea, likainama. Mkono niliutoa kwa bahati ya Mungu tu. Kuangalia, nyuzi za ukindu zimejaa pale komeo linapokaa. Mjinga mimi! Nilikijaribu kikiwa kisafi, kama kijana aliyekuja kuposa. Kugonga ni kugonga, kazi ni kazi. Ningepiga kelele, nani angesikia?

Ijumaa, 5 Septemba
Cha pete. Nimekijaza nyuzi makusudi. Nikagonga, nikagonga. Hakijikunji. Na pete unaiona kwa macho, imefunga au haijafunga. Hakikudanganyi. Ila vidole vyangu vya baridi yabisi haviizungushi. Nililia, ndiyo. Kisha nikakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikauvisha kwenye pete. Sasa inashikika. Inazunguka.

Jumapili, 7 Septemba
Zainabu amekuja. Kakikagua kama polisi. Kagonga kwenye gogo kwa hasira zaidi kuliko mimi. Kimekaza.
"Haya, Mama. Umeshinda. Baki na kawa zako."
Akaninyooshea kisu. Nikamwambia weka chini, kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, kinaleta ugomvi. Akakiweka mkekani, nikakiokota. Mikono yetu haikugusana.
Ameondoka kabla ya alasiri. Watoto wanamngoja. Nilikuwa nimepika wali wa watu wengi.
Pete nimeifunga. Nachana ukindu.